Msitu Uliokataa Kunificha

Vijana wa Makadara, habari zenu. Jana mlikuja mlangoni kwangu kundi zima, mkajipanga chini ya kamba yangu ya nguo, na mmoja wenu akanisalimu, "Mzee, niaje. Ile miti yetu ya kando ya mto imejaa mbaya. Tukate gani?" Nikawaambia rudini kwenu, nitawaandikia. Nilisema hivyo kwa sababu aliyeuliza alikuwa tayari ameshika panga, na mtu aliyeshika panga hasikii jibu, anasikia ruhusa tu.

Mnadhani ni swali dogo. Swali hilo limenilisha mimi, limenisomeshea mtoto, na nusura linivunjie ndoa. Najua mna simu, na simu zinajua kila kitu. Lakini sijaona simu iliyokata mti usiofaa kukatwa halafu ikaamka kesho yake kuutazama. Kwa hiyo kaeni chini, wekeni panga mbali, msome.

Miaka ya tisini nilikuwa naishi hapa hapa Makadara, chumba kimoja, na mke wangu Ndunge na binti yetu Mwende, na bomba moja la maji kwa ploti nzima. Asubuhi lori la kazi lilitupitia Jogoo Road na kutuvusha mji mzima hadi msituni. Ndiyo, msituni. Jirani zangu wote Wakamba walikuwa madereva, makarani na wachongaji, watu wenye kazi zinazoeleweka. Mimi nilikwenda kutazama miti upande wa pili wa mji. Ploti nzima waliniita Tumbili. Nilizoea.

Msitu wenyewe haukupandwa na mtu. Ulikatwa zamani kwa kuni na makaa, ukaachwa, ukaota wenyewe. Mti wa asili ukiukata hauagi. Kisiki kimoja kinatoa machipukizi mengi, na mbegu zilizolala udongoni nazo zinaamka, na baada ya miaka kadhaa kila mti unamsukuma mwenzake. Hapo ndipo watu wanaingia kupunguza: unaondoa midhaifu na iliyopinda, unaiacha mizuri ipate nafasi na mwanga. Taabu ni kujua lini. Ukiwahi, umeharibu. Ukichelewa, umeharibu. Basi ofisi ikaweka mtu wa kusema lini, na mtu huyo nikawa mimi. Niliitwa mpimaji, ingawa sikupewa hata kipimo. Kwa kweli nilikuwa nalipwa mshahara kusema "bado".

Aliyenifundisha ni nyapara wetu, Wafula, mtu wa Bungoma, mwili mkubwa, sauti ya kengele ya kanisa, na mdomo usiomheshimu mtu yeyote ila mchungaji wake. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya kichaka.

"Mutisya, hapa pamejaa au hapajajaa?"

Nikatazama. Miiba, kamba za porini, majani mpaka machoni, huoni hata hatua moja mbele. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani, "Pamejaa, nyapara."

Alicheka mpaka akashika mti asianguke. "Wewe umeangalia kiuno," akasema. "Kiuno cha msitu kinadanganya. Angalia kichwa, halafu angalia miguu."

Sikilizeni hapa, na yule wa panga asikilize mara mbili. Penye vichaka vinavyokuzuia kupita, maana yake jua bado linafika chini. Na jua likifika chini, juu bado kuna nafasi, miti haijagusana. Huo ni msitu mchanga unaopiga kelele tu, kama vijana fulani ninaowajua. Msitu uliojaa kweli umefunga kule juu, majani yameshikana, mbingu unaiona vipande vipande. Chini yake nyasi zimekufa kwa kukosa jua. Matawi ya chini yamekauka, ukilishika moja linavunjika tah! mkononi. Na mti wenyewe ukiusukuma unayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, kwa sababu ulikimbilia juu kutafuta mwanga ukasahau kunenepa. Mkiona hivyo, haya, leteni msumeno.

Kabla yangu palikuwa na mpimaji mwingine aliyependa sana viuno. Alipunguza kipande kimoja kikiwa bado kichaka, akakiacha kisafi, ofisi ikampigia makofi. Miti iliyobaki ikaona nafasi, ikafanya nini? Ikaacha kupanda juu, ikatanua matawi huku na huku kama shangazi aliyepewa kiti cha mbele harusini. Halafu ikaingia lantana, ule mmea wa miiba na vimaua vya rangi rangi, ambao haupigi hodi. Mwishowe tulikuwa na malisho mazuri sana ya mbuzi, ila mbuzi hatukuwa nao. Yeye alihamishwa. Nasikia alipanda cheo.

Sasa, ndani ya msitu wetu palikuwa na muhugu. Ni mti mgumu, unanukia vizuri ukikatwa, na hauna haraka na mtu. Wachongaji wa Pumwani wanauabudu, ingawa Jumapili wanakwenda kanisani. Mmoja wao alikuwa Kioko, kaka yake Ndunge, shemeji yangu. Alichonga twiga, twiga na twiga, wenye shingo nyembamba mpaka unaogopa kuwashika. Muhugu wa wizi ulikuwa unapita mjini kama kawaida, lakini chama chao kilikataa kuununua tangu mwenzao mmoja apandishwe korti ya Makadara. Wakafanya jambo la ajabu: waliomba kihalali. Na ofisi yetu ikafanya jambo la ajabu zaidi: ilikubali. Kipande chochote kikijaa, muhugu utakaopunguzwa humo ni wa wachongaji. Kikijaa. Na nani anasema kimejaa? Tumbili wa Makadara.

Macho ya kila mtu yalikuwa kwenye kipande cha bondeni, miiba mpaka kifuani. Kioko alikuja kukiona mwenyewe.

"Shemeji, humu hata nyoka anaomba njia! Pamejaa!"

"Bado," nikamwambia. "Unaangalia kiuno."

"Kiuno cha nani?"

Tuliachana vibaya siku hiyo.

Muda ukapita, Kioko hana mti. Alichonga masalio, masalio yakaisha, akachonga mpaka kigoda alichokuwa akikalia. Ndipo akapata kibarua kwenye kiwanda kimoja Industrial Area, upande wa Mukuru. Aanze Jumatatu. Mtu mwingine angemshukuru Mungu, kazi ni kazi. Lakini baba yao, baba mkwe wangu, alifanya kazi ya kiwanda maisha yake yote, ndani ya vumbi, na vumbi lile likahamia kifuani. Miezi yake ya mwisho alilala ameketi, kwa sababu akijinyosha alishindwa kupumua. Alikufa akikohoa. Mama mkwe aliyaona yote hayo, akaapa kwamba Kioko hatavuka geti la kiwanda. Sasa Kioko anavuka Jumatatu, na anayemsukuma ni mimi na neno langu moja.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana nyinyi siku hizi mnapiga selfi na mama wakwe zenu. Kwetu Ukambani mwanamume na mama wa mke wake hawaonani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima. Mkikutana njiani, wewe unaingia kichakani mpaka apite. Ni mila nzuri sana kwa watu wenye vichaka. Jaribuni kuishika kwenye ploti ya Makadara! Mama akija kumwona Ndunge alikohoa kutoka getini, nami nikakimbilia nyuma ya pazia lililogawa chumba, Mwende akinicheka. Halafu tukazungumza.

"Ndunge, muulize Baba Mwende kama ameamka vizuri."

"Mwambie Mama nimeamka vizuri," nasema mimi, nikiwa karibu kiasi cha kusikia anavyomeza chai.

"Mama, anasema ameamka vizuri."

"Nimesikia."

Wiki ile ya kibarua cha Kioko alikuja, na salamu hazikuwa ndefu.

"Ndunge, muulize Baba Mwende, mti wa Kioko uko wapi?"

"Mwambie Mama msitu bado."

Kikombe kikawekwa chini.

"Muulize, hiyo bado inafanana vipi?"

Ningemweleza nini, kichwa na miguu, kupitia kwa Ndunge?

"Basi," akasema Mama, nikasikia kiti kikisogea. "Nitakwenda kuiona kwa macho yangu."

Nilidhani ni hasira tu, itapoa. Sikumjua mama yule, na ningemjuaje? Miaka yote hiyo nilimfahamu kwa kikohozi, na kwa sandali za matairi nilizoziona chini ya pazia.

Ijumaa Mama alitangulia kufika barabarani, Wafula akampakia mbele ya lori, pamoja na dereva. Mimi niko nyuma na wenzangu, sina habari. Msifikiri Wafula hakujua mila. Hata kwao Bungoma mkwe ni moto. Alijua vizuri sana, ndiyo maana alifanya. Asubuhi nzima alimtembeza bondeni kimya kimya, mimi nikiwa kwingine.

Saa ya chakula tulikaa mahali petu pa siku zote. Niwaeleze mahali hapo. Ni kipande cha juu, karibu na barabara, ambacho hakikutajwa kwenye mkutano wowote, kwa sababu kila mtu alikiona kimetulia. Kivuli kizuri. Chini peupe, hakuna nyasi za kukulowesha suruali. Unapitisha macho kati ya miti mpaka ng'ambo. Kuni za chai hatukuhangaika kuzitafuta, ilikuwa kunyosha mkono tu na kuvunja tawi kavu. Tulikula muthokoi wetu hapo, mahindi ya kukoboa na maharagwe, mwaka baada ya mwaka, tukijisifu kwa kugundua mahali pazuri namna hiyo.

Nikasikia kikohozi. Nikaziona sandali. Sikungoja kuona kilichokuwa juu ya sandali, nilitupa bakuli nikatimua mbio. Mti wa kwanza niliojificha nyuma yake ulikuwa mwembamba kama mkono wangu, tumbo langu likabaki nje. Nikahamia wa pili, ni pacha wake. Nikakimbia tena. Fito, fito, fito tu! Hakuna kichaka, hakuna jani, hakuna hata nyasi ya kumsitiri sungura. Wenzangu walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Wafula ananipigia kelele, "Kimbia, Mutisya, ukifika Thika utapata kichaka!" Mwishowe nikasimama, nikageuka nikampa mgongo, nikafunika uso kwa kofia.

"Baba Mwende." Sauti ilikuwa nyuma yangu, na Ndunge hayupo katikati. "Acha kukimbia, utaanguka. Unajificha na nini? Pazia la binti yangu linaficha kuliko msitu wako wote."

"Nisamehe, Mama," nikaiambia kofia.

"Mzee Wafula amenipeleka bondeni. Bado yenu nimeiona. Na huku juu je?"

"Huku si kitu, Mama. Huku ni mahali petu pa chakula tu. Hakuna miiba, hakuna nyasi, hakuna..."

Nikaisogeza kofia kidogo, nikatazama miguu ya msitu. Udongo mtupu. Nikatazama kichwa. Mbingu ilikuwa vipande vipande. Nikashika tawi lililokuwa begani kwangu. Tah!

Wafula aliacha kucheka. Alikuwa na tawi kavu mkononi, analisukuma chini ya sufuria ya chai. Akalitazama tawi, akatazama juu, akasema polepole, "Wee! Tumekuwa tukila ndani yake." Mpimaji na nyapara wake, mabingwa wa kichwa na miguu, tulikuwa tumeweka makalio juu ya jibu miaka yote hiyo, na matawi yake tunapikia chai. Bondeni tulikwenda tukiwa kazini, tukatumia akili. Hapa tulikuja kula, tukatumia meno.

Mama hakuuelewa ugunduzi wetu, wala hakuujali. Aliendelea kuongea na mgongo wangu.

"Baba Mwende, mimi nilifua mashati ya baba yake Kioko. Maji yalikuwa yanatoka meusi. Mwishoni yakawa yanatoka mekundu. Sifui tena. Kama mti upo, sema upo. Kama haupo, sema haupo, nijue namna ya kumuaga mwanangu. Lakini usiniambie tena bado."

Nilitaka kugeuka nimwambie upo, Mama, upo, chukueni hata leo. Na hapo ndipo kazi hii ilipo, vijana. Siku unayotamani sana msitu uwe umejaa, ndiyo siku ya kuyaogopa macho yako mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, nipe mpaka jioni."

Wakampa chai, akakaa karibu na moto. Mimi na Wafula tukakiingia kipande chote, kutoka barabarani mpaka kinapoteremka kuelekea bondeni. Tulisukuma miti, tulivunja matawi, tulitazama juu mpaka shingo zikauma. Upande wa barabarani ulikuwa umefunga kabisa, muhugu umesongamana kwenye visiki vyake kama watu kwenye foleni ya bomba. Upande wa chini, jua linashuka hadi ardhini, nyasi zinacheka. Wafula akanivuta pembeni.

"Mutisya, huyo ni mama mkwe wako. Sema chote."

"Nusu," nikasema.

"Hata nyasi zenyewe zitakuelewa."

"Nusu, nyapara. Ule upande wa chini tukiufungua leo, ni mbuzi tena."

"Wakamba," akasema, akaenda kupeleka habari ofisini.

Jioni nikarudi kwa Mama, nikageuza mgongo vizuri kama mtu mwenye adabu. "Upo, Mama. Ila si mwingi."

"Sikukuuliza wingi," akasema, akaenda kupanda lori.

Jumamosi wachongaji wakaja na misumeno. Nilikuwa nimepaka rangi miti ya kutoka. Kioko alizunguka, akatazama alama moja, akatazama nyingine, uso ukamvimba.

"Shemeji! Umetupa vilema vitupu!"

"Ndiyo kupunguza. Mibaya inatoka, mizuri inabaki."

"Ule ulionyooka pale?"

"Unabaki."

"Na hiki nichonge nini? Twiga aliyegongwa na lori?"

Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Akaenda kusimama karibu na ule mti ulionyooka, akaweka mkono juu yake, na kusema kweli nilimwonea huruma. Mchongaji aliyekaa bila mti muda wote ule, unampa mlango wa duka na kumkataza kuingia. Mama alikuwa ameketi kando ya barabara, ametugeuzia uso upande mwingine kama heshima inavyotaka. Akakohoa mara moja. Kioko akauacha ule mti, akachukua msumeno, akaanza na kilema cha kwanza.

Jumatatu king'ora cha kiwanda kikalia, na Kioko alikuwa Pumwani, amekalia jiwe, anachonga na kunitukana. Ilibidi aachane na twiga ahamie kwenye viboko. Kiboko hana shingo, hahitaji mti ulionyooka. Akaongeza vijiko, akaongeza vikasha. Mwaka uliofuata ile nusu nyingine nayo ikafunga, wakaja tena. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumwomba, ndivyo mashemeji wanavyopendana.

Mila ilikuwa imevunjwa, na mila ikivunjwa lazima mtu atoe mbuzi, na mtu huyo hajawahi kuwa mama mkwe. Nikatoa. Wazee wakala, wakasema yamekwisha, na Mama akanipa mkono tukatazamana kwa mara ya kwanza. Tangu hapo alizungumza nami moja kwa moja, bila Ndunge. Nawaambia kweli, ziko siku nililitamani sana lile pazia.

Sasa kuhusu miti yenu. Asubuhi nimepita mtoni. Mmechanwa na miiba, suruali zenu za kubana zimeharibika, mkasema pamejaa. Nyasi ziko magotini, mbichi kabisa! Bado. Mwenye panga arudishe panga kwa mama yake. Lakini pale karibu na daraja, kwenye kivuli mnachopenda kukaa kucheza karata na kusengenya wazee, pale mkimaliza mchezo lalieni migongo mtazame juu. Mkiiona mbingu vipande vipande, njooni mnichukue twende pamoja, na polepole, magoti yangu si ya zamani.

Mama mkwe alizeeka kwelikweli, akafa kitandani kwake Ukambani, usingizini. Tulimzika shambani, karibu na mumewe. Kioko, mvi kichwa kizima, ndiye aliyetupa mchanga wa kwanza. Halafu akaanzisha wimbo wa kanisa, ule mrefu ambao watu huuachia katikati, na kweli watu wakauachia. Yeye akaendelea peke yake, beti baada ya beti, sauti inafika ng'ambo ya kilima, mpaka akaumaliza. Hakukohoa hata mara moja.